Paka Mzazi na Dhima ya Mwenye Nyumba

Katika kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, paka hana cheo ila ana kazi. Mahindi yakivunwa na kutiwa ghalani, panya huyafuata kama mtoza ushuru, na nyumba isiyo na paka hulipa kila usiku. Kwa hiyo mtoto wa paka huombwa kwa jirani kabla hajafumbua macho, na jike mwenye sifa ya kuwinda hutajwa kwa heshima hata na watu wasiompa chakula. Walakini haja hii ina mpaka wake. Nyumba moja hutaka paka mmoja, pengine wawili. Jike huzaa watatu, wanne au watano kwa mara moja, na mwaka haujaisha huzaa tena. Watoto wa uzazi wa kwanza hupata makao. Wa uzazi wa pili hutafutiwa makao kwa kubembeleza. Wa uzazi wa tatu hutiwa katika gunia, na gunia huachwa usiku kando ya barabara au karibu na soko, mahali ambapo mtupaji hujiambia kwamba mtu mwema atapita.

Gunia hilo ndilo asili ya swali linalojadiliwa hapa: je, ni halali kumfunga paka kizazi, na kama ni halali, ni wakati gani kwa mama na ni wakati gani kwa watoto wake? Aghalabu watu hulikata swali hili vipande viwili. Kipande cha kwanza, kile cha uhalali, huwaachia wenye hekima na wenye dini. Kipande cha pili, kile cha wakati, humwachia daktari wa mifugo, kana kwamba ni jambo la kalenda na mizani tu. Mgawanyo huu una kasoro. Uhalali wa kuhasi wanyama ulikwisha kuamuliwa zamani kwa desturi, wala haukuitiwa baraza. Lakini wakati, unaodhaniwa kuwa jambo dogo, ndio unaobeba uzito wa dhima.

Ushahidi wa desturi umo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina neno maksai kwa ng'ombe aliyehasiwa, na ndafu kwa beberu aliyehasiwa akanenepeshwa. Nguruwe dume wafugwao Umatengo hukatwa wangali wadogo ili nyama yao isinuke, na hakuna anayeona haya. Hata hivyo hujja ya desturi haitoshi. Anayemwambia jirani yake kwamba mla ndafu hana haki ya kukataza kuhasi paka, ameonyesha kuwa jirani anajipinga. Hajaonyesha kuwa yeye mwenyewe yuko katika haki. Maksai alikatwa kwa faida ya mwenye jembe, na ndafu kwa faida ya mwenye karamu. Paka akikatwa ili mwenye nyumba alale bila ya kusikia ugomvi wa mashume juu ya paa, amekatwa kwa faida ya namna ile ile. Tendo hupanda daraja ikiwa faida yake humwendea kiumbe mwingine: mama anayechoshwa na uzazi usiokoma, na watoto ambao wangezaliwa kwa ajili ya gunia.

Yuko atakayejibu kwamba yote hayo ni kuingilia kazi ya maumbile. Paka aachwe azae kama alivyoumbwa, wenye nguvu wataishi na dhaifu watakufa. Jibu hili lina sauti ya unyenyekevu, na ndiyo maana husadikiwa upesi. Lakini maumbile yanayotajwa hapa yana hesabu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 juu ya paka wazururao katika jimbo la North Carolina, Marekani, ulifuata watoto 169 wa paka. 127 kati yao walikufa au walitoweka kabla ya kutimiza miezi 6. Hiyo ni robo tatu. Ruanda si North Carolina, na mbwa na maradhi ya huku si ya kule. Lakini hapana sababu ya kudhani kwamba mtoto wa paka aliyeachwa katika nyasi za Ruvuma ana bahati kubwa zaidi. Tena katika nchi za baridi paka hupumzika kuzaa siku zinapokuwa fupi, kwa kuwa urefu wa mchana ndio unaouamsha mwili wake. Karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, na jike hana majira ya mapumziko. Kumwachia jike wa Ruanda maumbile yake ni kumwachia mimba juu ya mimba, mwaka kwa mwaka.

Zaidi ya hayo, paka huyu si mnyama wa mwituni aliyepita njia. Asili yake ni paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, na kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Cyprus, ambamo paka alizikwa karibu na mtu, lina umri wa miaka 9,500 hivi. Wataalamu wengi huona kwamba nafaka ndiyo iliyowakutanisha: mkulima alijenga ghala, ghala likaita panya, panya wakaita paka. Mwenye ghala basi ndiye mwenyeji. Methali husema paka wa nyumba haingwa, na kwa kawaida husomwa kuwa ni kinga ya mwana wa nyumba asifukuzwe. Isomwe pia kwa upande wa pili. Ikiwa mama hafukuzwi, watoto waliozaliwa chini ya kitanda cha nyumba ile ile wamekuwa wageni tangu saa ngapi?

Mpinzani mwingine hana haja ya kutaja maumbile. Yeye huona huruma. Husema kwamba jike aliyefungwa kizazi amenyimwa furaha ya kulea. Huyu apewe sikio, kwa maana amemtazama paka mwenyewe wala hakutazama kanuni. Aliyewahi kumwona paka akiwahamisha watoto wake mmoja mmoja kwa meno, kutoka darini hadi nyuma ya mitungi, hawezi kusema kwamba kiumbe huyo hana mapenzi ya namna yake. Lakini mapenzi hayo huwaelekea watoto waliopo. Hakuna dalili kwamba paka hukaa akiwatamani watoto ambao hajawachukua mimba. Hamu ya dume humjia, humsumbua siku kadhaa, kisha hupita au huzimwa na mimba. Kinachoonekana dhahiri ni kilio cha jike aliyepokonywa watoto, azungukaye nyumba akiita. Kwa hiyo huruma ikifuatwa mpaka mwisho wake huangukia upande usiotarajiwa: uchungu wa mama uko katika gunia zaidi kuliko katika kisu. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1789 aliweka kipimo cha haki ya mnyama katika uwezo wake wa kupata maumivu. Kwa kipimo hicho, mtoto asiyetungwa hana maumivu wala hana haki iliyovunjwa, kwa kuwa hayuko. Aliyezaliwa akatupwa anayo yote mawili.

Hujja hii, hata hivyo, ni kali, na chombo kikali hakiachwi wazi. Ikiwa asiyetungwa hapotezi kitu, kwa nini paka wote wasifungwe kizazi mpaka asibaki hata mmoja? Ghala la Ruanda lina jibu. Paka wakitoweka, mkulima atanunua sumu, na sumu haichagui. Huua panya, kisha humwua kuku aliyeidonoa na bundi aliyemla panya. Kijiji cha wakulima chahitaji paka wazaliwe. Kosa haliko katika kuzaliwa kwa paka, bali katika kuzaliwa kwa paka ambaye hakuna mlango unaomngoja. Insafu basi yataka milango ihesabiwe kabla ya mimba, wala si baada ya macho kufumbuka. Na hesabu hiyo ifanywe kwa ukweli. Tangu makaa ya mawe yaanze kuchimbwa Ntunduwaro, katika kata hii hii, mwaka 2011, wamekuja wapangaji, madereva na wauza chakula. Mpangaji akiomba mtoto wa paka huhesabiwa kuwa ni mlango mmoja. Lakini mlango wake una urefu wa mkataba wake wa kazi. Siku atakapofunga mizigo yake, paka hapandi gari.

Sasa lije suala la wakati, na kwanza wakati wa mama. Mimba ya paka huchukua kiasi cha wiki 9. Watoto huanza kuonja chakula wakiwa na wiki 4 hivi, na wakifika wiki 8 huweza kuachishwa ziwa. Wengi hudhani kwamba jike anyonyeshaye hawezi kushika mimba. Sivyo, huweza kutaka dume maziwa yangalipo, na mara nyingine wiki chache tu baada ya kuzaa. Madaktari hupenda kungoja watoto waachishwe, kisha zipite wiki 2 hivi maziwa yakauke, kwa kuwa matiti yaliyojaa huzuia kazi ya kisu na huongeza hatari ya damu. Shauri hili ni jema, ila lina sharti ambalo aghalabu halitamkwi: jike afungiwe ndani muda wote huo.

Katika nyumba ya mjini, yenye nyavu madirishani, sharti hilo ni jepesi. Katika nyumba ya kijijini yenye mwanya kati ya ukuta na paa, hakuna mlango unaomzuia paka. Usiku ataitwa na shume, naye atatoka kwa njia ile ile aingiayo panya. Shauri moja la daktari, basi, lina hukumu mbili kwa kadiri ya ukuta. Mwenye nyumba iliyozibwa akingoja, amengoja kwa busara. Mwenye nyumba yenye mwanya akingoja amecheza kamari, na akishindwa, alipaye si yeye.

Je, anaweza kutongoja? Kwamba jike anyonyeshaye huweza kukatwa bila ya kuwadhulumu watoto, ni jambo lijulikanalo zaidi mahali ambapo paka hawana nyumba kabisa. Katika mji wa Lamu, ambako paka wa mitaani ni wengi na mashuhuri, iko zahanati inayowatibu na kuwafunga kizazi. Katika kazi ya namna hiyo, popote ifanywapo, paka hunaswa, hukatwa, na hurudishwa alikotoka. Akinaswa jike mwenye maziwa, watoto wake wako mahali wasikoonekana, na kila saa anayokaa kizuizini wao hawanyonyi. Akiachiliwa bila ya kukatwa, huenda asinaswe tena maishani. Wenye kuizoea kazi humkata upesi, pengine kwa ubavuni ili kisu kisipite kati ya matiti, na akishazinduka vema humrudisha mapema iwezekanavyo, kwa kuwa kuondolewa mfuko wa uzazi hakukaushi maziwa. Mtaa usio na mwenyewe umefundisha jambo ambalo nyumba zenye wenyewe zilikuwa zikiliogopa. Mwenye nyumba wa Ruanda, akimpata daktari watoto wakiwa wameanza kula, hana udhuru wa maziwa.

Kwa upande wa watoto, kosa la kawaida ni kuwaona watoto muda mrefu mno. Mtoto wa paka mwenye miezi 4 huweza kushika mimba huku mwenye nyumba angali akimchezea kwa uzi. Dume wake hatachaguliwa kwa nasaba. Huenda akawa kaka yake wa tumbo moja. Madaktari wengi leo hushauri akatwe kabla ya kutimiza miezi 5, na katika makao ya wanyama hukatwa hata akiwa na wiki 8, mradi amefika uzito wa kilo 1 hivi. Hofu kwamba atadumaa haina msingi. Mifupa yake huchelewa kidogo kufunga kukua, basi huweza hata kurefuka zaidi. Hatari ya kweli ni nyingine. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na sukari ya damu hushuka akinyimwa chakula muda mrefu kabla ya nusu kaputi; kwa hiyo kazi hii yataka mkono uliozoea. Aliye mbali na mkono huo afadhali angoje mwezi wa 4 kuliko kuharakisha wiki ya 8.

Lakini kufika mwezi wa 4 watoto hawapo tena nyumbani. Mmoja yuko kwa jirani, mwingine ameteremka mpaka Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kwa mchuuzi anayetaka dagaa wake wakavu walindwe. Aliyetoa amesifiwa kwa ukarimu wake. Kumbe kama wawili hao ni majike, ametoa na magunia yao pamoja. Si haki kusema kwamba dhima yake hukoma kizingitini kwake. Wala si haki kusema kwamba haikomi popote, kwa maana hapo hakuna atakayethubutu kumpa mtu kitu chenye uhai. Lililo chini ya uwezo wake ni neno: kumwambia mpokeaji, kabla ya kumkabidhi, kwamba huyu ni jike, kwamba kufikia mwezi fulani atakuwa mzazi, na kwamba kuna la kufanya. Wako wanaomtaka jike hasa kwa sababu wanataka watoto wake. Hao waulizwe milango yao ni mingapi.

Hapa linaingia jambo ambalo vitabu vya nchi tajiri hulipita mbio. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha madaktari wa mifugo. Lakini bwana mifugo wa kata ana ng'ombe, nguruwe na kuku wanaomlilia, na kumpasua paka tumbo si kazi ya kila siku kijijini. Mwenye paka watano huweza kupata nafasi ya mmoja tu, pamoja na nauli na gharama yake. Amchukue nani? Wengi humchukua dume, kwa kuwa kumkata dume ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo. Ni uamuzi wa mfuko unaovaa nguo za dhamiri. Dume mmoja aliyesazwa katika kitongoji huwatosha majike wote, na kuhasiwa kwa wenzake kumi hakupunguzi mimba hata moja. Jike atangulie, na kati ya majike atangulie mama, kwa kuwa yeye amekwisha kuthibitika kuwa mzazi na mimba yake ijayo iko karibu kuliko ya binti yake. Binti afuate kabla ya mwezi wa 5. Dume angoje. Ama yule anayetaka kuokoa gharama kwa kumkata dume kwa wembe bila ya nusu kaputi, kama akatwavyo nguruwe, hajaokoa kitu. Amehamisha gharama kutoka mfukoni mwake kwenda katika mwili wa mnyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hakika dhamiri haikuhitaji kuingoja.

Liko tukio moja ambalo halina jawabu safi. Daktari amepatikana, siku imefika, naye jike amekwisha kushika mimba. Akikatwa, mimba imekwenda pamoja na mfuko wake. Kwa wiki za mwanzo, kabla ya vilivyomo tumboni kuwa na hisi, kipimo cha maumivu huruhusu, na anayekataa hapo atakuwa anautukuza uzazi kuliko wazao. Kwa siku za mwisho hali ni nyingine. Watoto wako karibu na mlango wa dunia, na kisu kinachowakuta hapo kiko karibu sana na gunia kuliko wakubalivyo wengi wa wanaokitetea. Mwenye nyumba aliyeichelewesha siku mpaka hapo afadhali amwache mama azae, na adhabu ya kuchelewa iwe juu yake mwenyewe: wiki 8 za kulisha na kutafuta milango.

Na asiyempata daktari kabisa? Liko jambo ambalo watu huliepuka kulisema, kwamba wako wanaowaua watoto wa paka saa ile ile ya kuzaliwa. Tendo hili haliwezi kuitwa jema. Lakini likilinganishwa na gunia lina ukweli mmoja: mtendaji huona alitendalo, na mauti huja upesi. Mwenye gunia hutaka watoto wasiwepo na mikono yake ibaki safi. Kwa hiyo huwagawia njaa, mvua na mbwa kazi aliyoiona haya. Katika masimulizi ya Kiislamu, yajulikanayo sana pwani, mwanamke alihukumiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia atafute chakula chake. Aliyetupa gunia amefanya yote mawili kwa fundo moja.

Dhima hii, ikiachwa juu ya kichwa cha mwenye jike peke yake, huwa nzito kupita kiasi, na mzigo uliozidi nguvu hutupwa. Lakini kwa nini iwe ya mmoja? Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo jamaa za ukoo walikula pamoja na kuamua mambo yao chini ya mzee; aliyekula pale hakuweza kusema kwamba jambo lililoamuliwa pale si lake. Nyumba tatu au nne zilizochukua watoto wa jike mmoja zimekula kwake. Maghala yao yamelindwa kwa maziwa yake. Si zawadi wala sadaka wakichangia nauli na gharama ya kumfunga kizazi, ni deni. Mwenye kahawa atoe sehemu yake baada ya mauzo, mwenye nguruwe atoe anapouza, na yule asiye na fedha amchukue jike kikapuni mpaka kwa daktari wilayani, kabla ya mvua za Novemba kuharibu njia, wakati watoto wa mwisho wangali wanajifunza kula ugali.